Shukatsu: maneno ya Kijapani ya kuyajua kabla hujaanza kusaka kazi

Kama unasoma chuo Japani na unataka kubaki kufanya kazi, usingoje umalize kwanza jamani, kule kampuni zinachukua watu wakiwa bado wanafunzi na msako wenyewe unaitwa shukatsu. Ratiba ya kawaida ni hivi: kazi inaanza Aprili, so taarifa za kampuni zinafunguliwa tarehe 1 Machi mwaka uliotangulia, intavyuu kuanzia 1 Juni, naitei rasmi (yaani umepata kazi) 1 Oktoba, ila nyingi siku hizi zinawahi zaidi ya hapo.

Anza na maneno mawili, "onsha" na "kisha". Yote ni "kampuni yenu" kwa heshima, lakini kisha unaiandika na onsha unaitamka. Sababu ni kwamba ukiitamka kisha, masikioni inafanana kabisa na neno la treni na la mwandishi wa habari, so kwenye intavyuu sema onsha, kwenye fomu andika kisha, na hili lizoeshe mdomo mapema maana ukiwa na presha unachanganya.

Karatasi ni mbili. Rirekisho ndiyo wasifu, ina picha ya sm 3 kwa 4, unaorodhesha shule na kazi halafu chini kulia unaandika ijo, yaani mwisho. Ya pili ni entorii shiito, fomu ya maombi ya kazi, wanaiita ES, na hapo ndipo wengi wanakwama.

ES inauliza jiko PR (una uwezo gani), shibo doki (kwa nini sisi) na gakuchika, yaani ulipokuwa chuo ulijituma kwenye nini. Kwenye gakuchika usijaze vyeo. Hata baito (kibarua cha mwanafunzi) ya konbini (duka dogo la mtaani) inatosha: kulikuwa na tatizo gani, mfano bento (vyakula vya boksi) zinabaki kila usiku, wewe ukafanya nini, zikapungua kutoka ngapi hadi ngapi, ulijifunza nini. Wanataka kuona unavyofikiri.

Mwisho wa intavyuu kuna gyaku shitsumon, zamu yako kuuliza, usiseme huna swali, nenda na matatu. Na imeili ikiisha na oinori, "tunakuombea mafanikio", ujue umekosa, tuma kwingine siku hiyohiyo.

Ukimaliza chuo bila naitei kuna viza ya tokutei katsudo ya kuendelea kutafuta, miezi 6, inaongezwa mara moja, ila inataka suisenjo, barua ya chuo kukupendekeza, so iulizie ofisini kabla hujamaliza.