Somo: Mafuriko yamebeba duka, kodi ya makadirio bado inadaiwa

Ndugu zangu wa Kasese na kwingineko Uganda, mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, wengi walidhani maji yakibeba duka, deni la kodi nalo limekwenda. Haliendi. URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, haijui hasara yako mpaka uiandike.

Piga picha kabla hujatoa tope. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akuandikie barua, polisi wakupe ripoti, na zote zitaje tarehe na mali iliyopotea.

Kisha rekebisha makadirio, yaani hesabu ya mapato uliyotegemea kupata mwaka huo. Usisubiri mwaka uishe 30 Juni. Mtu binafsi hulipa kwa awamu 4, na hesabu uliyotoa mwanzoni ilikuwa ya duka lililojaa. Ukiiacha, utazidi kudaiwa kodi ya faida usiyoipata. Ingia kwenye akaunti yako ya URA, uweke makadirio mapya pamoja na sababu. Ila usiandike sifuri kwa uchungu. Biashara ikiinuka na makadirio yako yakawa chini ya 90% ya mapato halisi yanayotozwa kodi, utalipa faini: 20% ya tofauti kati ya kodi ya makadirio yako na kodi ya ile 90%. Hapo ndipo watu huumia mara ya pili.

Huna pesa? Omba muda kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Unaweza kuruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Lakini hata ukipewa muda, riba ya 2% kwa mwezi kwenye deni lililochelewa huendelea: deni la shilingi milioni 1 huzaa 20,000 kila mwezi. Lipa hata kidogo ulicho nacho.

Ukipata notisi ya kodi kutoka URA usiyokubaliana nayo, una siku 45 za kuweka pingamizi. Zihesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Maswali ya wanachama

"Mwalimu, daftari zote zilikwenda na maji. Nitaonyesha nini?"

Pole sana, dada. Ankara ulizotoa kwa EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, ziko salama URA, maji hayakuzifikia. Benki na kampuni ya simu watakupa taarifa upya, na waliokuuzia mali kwa jumla wana nakala zao.

"Mzee wangu, mimi nalima kahawa. Faini hiyo ya 20% inanihusu?"

Hapana, kijana wangu. Sheria imewaondoa wenye biashara ya kilimo kwenye faini hiyo. Lakini riba inakuhusu, na faini ya kuchelewesha ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) pia, kwa hiyo ritani yako ipeleke kwa wakati hata kama shamba lote liliporomoka.