Jinsi ya kutumia "old" kwa Kiingereza bila kumkwaza mgeni

Natembeza wageni hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kila msimu hujiwa na vijana wanaotaka kujifunza kazi. Kiingereza cha shule wanacho, tena kizuri, lakini kuna neno moja dogo huwaangusha karibu kila siku, nalo ni "old". Kisa ni kwamba sisi hilo neno tumelikatakata: mtu ni mzee, nguo ni kuukuu, nyumba ni kongwe, mji ni wa kale, rafiki ni wa zamani, mkate ni wa jana. Mngereza karibu vyote hivo avitia kapu moja, sasa wewe kabla hujafungua mdomo jiulize wataka kipande gani, halafu fuata hizi hatua.

Hatua ya 1: umri

Sisi twasema nina miaka ishirini, ndo maana kijana akienda kwa Kiingereza asema "I have twenty years". La, hapo watumia "am", "is" au "are": "I am twenty years old". Waweza kukata mkia wote ukasema "I am twenty", yatosha kabisa, lakini "I am twenty years" ukaishia hapo haikai sawa, ni ama useme "years old" yote ama uache yote. Ukiwa wazungumzia jengo usikate mkia. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593 wakamaliza 1596, kwa hivo wamwambia mgeni "The fort is more than four hundred years old". Na swali lake ni "How old is it?", usiulize "How many years does it have?"

Hatua ya 2: ile s

Hii nairudia mpaka sauti yakauka. Ukiweka umri mbele ya jina la kitu, "years" yapoteza s na maneno yafungwa kwa vistari: "a four-hundred-year-old fort", "a ten-year-old boy". Sababu ni kwamba maneno yote yale yamekuwa kivumishi kimoja, na kivumishi cha Kiingereza hakijui wingi. Kwetu ni mlango mkuukuu, milango mikuukuu, neno lafuata ngeli, kwao ni "old door" na "old doors", old hailegei haisogei. Ukisikia mtu asema "ten-year-olds" usishangae, hapo imeshakuwa jina, maanake watoto wa miaka kumi.

Hatua ya 3: "an"

"An old house", si "a old house". Lakini ukichomeka neno lingine katikati sikiza sauti ya hilo neno: "a very old house", "a big old house". Bas.

Hatua ya 4: mpangilio

Simama mbele ya mlango wa nakshi pale Ndia Kuu ujaribu kuusifu. Kwa Kiswahili wasema mlango mzuri mkubwa wa kale wa mbao, na hata ukipindua kidogo hakuna atakayekucheka. Kiingereza kina foleni yake na wao huisikia kwa masikio, hata wengi hawawezi kukuelezea: uzuri kwanza, kisha ukubwa, umri, rangi, asili yake ya wapi, mwisho umetengezwa na nini. Kwa hivo ni "a beautiful big old wooden door". Ukisema "a wooden old big beautiful door" mgeni ataelewa, ila ataanza kusikiza makosa yako badala ya kuangalia mlango, na mlango ule fundi ameutolea jasho, wastahili kuangaliwa. Usirundike vivumishi kupita hivyo vinne.

Hatua ya 5: watu, na hapa tulia

Asubuhi moja tulikuwa twapanda ile njia ya kuingilia Fort Jesus, kijana niliyekuwa namfundisha akamshika mkono mgeni mmoja wa nywele nyeupe, kwa adabu zote, vile angemshika babake, akamwambia "Careful, old man". Yule mgeni akautoa mkono wake polepole akapanda peke yake, na mzunguko wote hakuuliza swali hata moja. Kijana alikuja kwangu baadaye machozi yamemlenga, aniuliza amekosa nini, na kwa kweli moyoni hakukosa, alitafsiri heshima yake neno kwa neno. Kwetu mzee ni cheo, hata mtu wa miaka arobaini akiwa na hadhi yake aitwa mzee. "Old man" usoni mwa mtu haina cheo ndani yake, yamwambia tu kwamba amechakaa.

Sema "sir" kwa mwanamume, "madam" kwa mwanamke, Wamarekani wao wamezoea "ma'am". Ukiwa waelezea kundi sema "older visitors", na hapa kuna jambo la ajabu: "older" ni laini kuliko "old", ingawa kwa grama yaonekana kama imezidi. "Elderly" pia ni ya heshima, lakini iweke kwenye maandishi ama ukizungumzia kundi, usimwite mtu hivo akisikia. Na mgeni mwenyewe akisema "my old man" akimaanisha babake, sikiza utabasamu, wewe usiichukue.

Hatua ya 6: pale maana yageuka

"An old friend" ni rafiki wa zamani, hata kama nyote mna miaka ishirini na tano. "My friend is old" ni rafiki yangu amezeeka. Neno ni lile lile, limehama mahali tu. "My old school" nayo ni shule niliyosoma zamani, hata kama majengo yake yangali mapya.

Ndugu aliyekutangulia ni "my elder brother" ama "my older brother", zote sawa, lakini ukilinganisha ni "older" tu: "He is older than me". Usiseme "elder than", wala "more old". Mkate wa jana uliokauka ni "stale bread".

Sasa fanya hili zoezi kwa sauti, ukiwa barazani na mwenzio, si kichwani: mwambie kwa Kiingereza kwamba yule ni rafiki yako wa zamani, ana miaka thelathini, na anakaa kwenye nyumba ndogo kongwe ya mawe. Jibu langu ni hili: "He is an old friend of mine. He is thirty. He lives in a small old stone house."