Soli ya ndani ya buti la kazi au la porini: jinsi ya kuichagua, kuikata na kuizoea

Toa soli ya ndani iliyokuja na buti lako, uishike mwanga ukiwa nyuma yake, kisha ibonyeze kwa dole gumba katikati. Kwenye mabuti mengi ya kazi utakuta sponji ya milimita 3 hadi 5 iliyobandikwa kitambaa, na dole gumba litagusa upande wa pili bila kutumia nguvu. Kazi yake ni kufunika ubao wa ndani ya buti na mishono tu. Anayesimama kutwa juu ya zege, au askari wa wanyamapori anayefuata nyayo tangu alfajiri, huibonda ikabaki kama kitambaa baada ya wiki chache. Kisigino kikianza kuuma, wengi hukimbilia sponji nene na laini zaidi, na maumivu hurudi kwa sababu kinachohitajika ni soli inayoshika kisigino na kubeba uvungu wa unyayo.

Hatua ya 1: Kagua buti kabla ya kununua chochote

Kama soli ya ndani imegundishwa, anza kuibandua kisiginoni kwa kisu butu, polepole, kisha kwangua gundi yote iliyobaki. Bonge la gundi lenye ukubwa wa punje ya mchele linatosha kutoboa ngozi ukitembea kilomita kadhaa. Pitisha mkono ndani na upapase ubao wote: tafuta misumari ya fundi iliyochungulia, nyufa, na sehemu iliyolainika kwa unyevu.

Weka mabuti yote mawili juu ya meza iliyo sawa na uyatazame kwa nyuma. Buti lililolala upande mmoja litaendelea kulaza mguu wako hata ukiweka soli ya bei gani. Hilo ni la kwa fundi, au la kutupwa.

Wanunuzi wa mitumba, angalieni zaidi soli ya nje ya poliurethani. Plastiki hiyo huharibiwa na unyevu na joto hata buti likiwa stoo bila kuvaliwa: kwa nje linaonekana jipya, ukilivaa siku mbili soli inapasuka na kumeguka kama keki kavu. Kunja buti kwa nguvu na uchimbe pembeni ya soli kwa kucha. Ikitoka unga au ukiona mipasuko midogo midogo, liache.

Hatua ya 2: Pima miguu jioni, vipimo viwili

Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kitakudanganya. Vaa soksi unazofanyia kazi. Weka karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, mtu mwingine aweke alama. Pima miguu yote miwili. Mara nyingi mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na huo mrefu ndio wa kufuata.

Kipimo cha kwanza ni cha kawaida: kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe dole gumba. Ongeza sentimita 1.5 za nafasi, zidisha kwa 1.5, utapata namba ya Ulaya kwa makadirio mazuri. Mguu wa sentimita 27 unakuwa 28.5, mara 1.5 ni 42.75, basi anza kujaribu namba 43.

Kipimo cha pili wengi hawakijui, na soli nyingi hurudishwa dukani kwa sababu yake. Pima kutoka ukutani hadi kwenye fundo la dole gumba, lile linalotokeza upande wa ndani, mahali mguu unapokunjika ukipiga hatua. Watu wawili wenye miguu ya sentimita 27 wanaweza kutofautiana hapa: mmoja ana 19.7, mwenzake mwenye vidole virefu ana 18.8. Soli ile ile itamkaa vizuri wa kwanza, na wa pili itamchoma chini ya fundo kila hatua, kwa sababu kilima cha soli, yaani mwinuko unaobeba uvungu, kimetangulia mbele ya uvungu wake. Andika kipimo hiki kwenye simu na uende nacho dukani pamoja na rula.

Hatua ya 3: Ujue uvungu wako

Lowesha unyayo, kanyaga karatasi ya kaki au sakafu kavu ya saruji, ondoka. Ukiona unyayo mzima bila pengo, uvungu wako uko chini. Ukiona kisigino na sehemu ya mbele zimeunganishwa na mstari mwembamba, au hazijaungana kabisa, uvungu uko juu.

Alama ya maji peke yake haitoshi. Simama kwa ncha za vidole mbele ya kioo. Uvungu uliokuwa bapa ukiinuka, mguu wako unanyumbulika na soli yenye kilima cha wastani itakusaidia sana. Ukibaki bapa, au kusimama hivyo kukiuma, usinunue soli ngumu ya dukani. Nenda kwa wataalamu wa mifupa na visaidizi wakakutazame. Kwa Tanzania, fani hiyo inafundishwa TATCOT, chuo cha mafundi wa visaidizi vya viungo, pale hospitali ya KCMC Moshi tangu 1981, na hospitali kubwa zina watu wanaotengeneza soli kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja mmoja.

Kosa linalojirudia ni mwenye mguu bapa kuchukua soli yenye kilima kirefu kuliko zote, akitaka "kuunyanyua" mguu. Uvungu hausukumwi juu hivyo. Anza na kilima cha chini au cha wastani, kiguse unyayo wote bila kuuchoma. Mwenye uvungu wa juu naye ana shida yake: mguu wake mara nyingi ni mgumu na haunyonyi mshindo vizuri, kwa hiyo anahitaji kilima kinachojaza nafasi na tabaka laini juu yake.

Hatua ya 4: Majaribio manne dukani

Bonyeza kilima kwa dole gumba kwa nguvu uliyonayo. Kikizama hadi chini, rudisha. Chini ya mguu kitabeba uzito wa mwili mzima, na dole gumba lako haliwezi kuufikia uzito huo.

Ikunje kwa mikono miwili. Soli nzuri inakunjika mbele, pale pa fundo la dole gumba, na inakataa kukunjika katikati. Ikikunjika kokote kama kandambili, haina mifupa.

Tazama kisigino. Pawe na kikombe chenye kuta za kutosha kukusanya nyama ya kisigino isitawanyike pembeni. Nyama hiyo ndiyo mto uliozaliwa nao, na ikikusanywa inanyonya mshindo vizuri.

Mwisho, rula. Geuza soli uone kasha gumu la plastiki upande wa chini. Pima kutoka nyuma hadi linapoishia: liishie kiasi cha sentimita 1 nyuma ya kipimo chako cha fundo. Mwenye 19.7 anatafuta kasha la karibu sentimita 18.7. Likifika kwenye fundo au kulivuka, waachie wengine.

Kuhusu malighafi, eva ngumu (sponji ya plastiki iliyoshikana) ni nyepesi na inafaa kutembea. Poliurethani ni nzito kidogo lakini inadumu kurudi umbo lake, nzuri kwa wanaosimama. Jeli inavutia mkononi, ila ni nzito, inatunza joto, na haina msaada wowote kwenye uvungu. Ile sponji inayobaki na alama ya kiganja ukiibonyeza ni raha ya dakika kumi za kwanza.

Hatua ya 5: Linganisha na kazi yenyewe

Mlinzi wa getini, iwe Mikocheni au Doha, na mtu wa ghala wanahitaji msingi mgumu wenye tabaka laini la milimita 3 hadi 4 juu. Anayetembea porini, kama msaka nyayo kwenye kitalu cha uwindaji au askari wa doria, achague nyembamba na ngumu yenye kikombe kirefu cha kisigino. Unene unamwinua juu ya buti, na kwenye ardhi ya mfinyanzi mweusi iliyopasuka kwa kiangazi ni rahisi kifundo kupinduka.

Mabuti yenye kofia ya chuma juu ya vidole yanataka umakini wa pekee. Kwa kiwango cha kimataifa cha mabuti ya usalama, ISO 20345, kofia hupimwa kwa pigo la jouli 200, na kwa namba 42 nafasi inayobaki chini yake wakati wa pigo haitakiwi kushuka chini ya milimita 14. Nafasi hiyo ni ya vidole vyako. Ukiweka soli yenye unene wa milimita 7 mbele badala ya 4, umeila kwa milimita 3, na kabla hata ya ajali yoyote kucha zitaanza kuwa nyeusi kwa kugonga chuma. Mbele ibaki na unene ule ule wa soli ya kiwandani.

Anayefanya kazi kwenye bohari ya mafuta au palipo na gesi na vumbi linaloweza kulipuka asibadilishe soli kwa hiari yake. Buti la kuzuia umeme tuli limepimwa pamoja na soli yake ya ndani, na ukiweka sponji ya mtaani umekata njia ya umeme kwenda ardhini. Chukua mbadala wa mtengenezaji yule yule.

Gambuti halina kamba, kwa hiyo kisigino huteleza ndani. Kikombe cha kisigino kinafanya kazi kubwa hapa kuliko kilima.

Hatua ya 6: Kata mbele tu

Soli huuzwa kwa mafungu, mathalani 41 hadi 43. Chukua fungu lenye namba yako. Kukata soli ya 46 hadi iwe 42 ni kosa, kwani kilima kinabaki pale pale pa mguu wa 46.

Laza soli ya zamani juu ya mpya, visigino vikiwa sawa kabisa, chora ukingo wa mbele. Kata nje ya mstari ukiacha milimita 2. Ingiza ndani ya buti, angalia inakokunjana, toa, punguza milimita 2 tena. Malizia kwa msasa. Usiguse kisigino wala pembeni mwa kasha.

Hatua ya 7: Iweke na uijaribu

Kamwe usiweke mpya juu ya ya zamani. Ingiza, sukuma hadi igote nyuma. Vaa buti, gonga kisigino chini mara tatu, kisha funga kamba: legevu kidogo vidoleni, imara kifundoni.

Simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita 1 hadi 1.5. Shuka ngazi au mteremko. Vidole visiguse mbele. Kisigino kikiinuka zaidi ya milimita 5 unapotembea, soli ni nene mno kwa buti hilo.

Hatua ya 8: Izoee polepole

Siku ya kwanza ivae kwa muda wa saa 1 au 2 tu, kisha ongeza saa moja kila siku. Katika siku hizo beba soli ya zamani mfukoni, uirudishe muda huo ukiisha. Uchovu wa vigimbi vya miguu siku za mwanzo ni kawaida, misuli inabeba kwa namna mpya. Maumivu ya nukta moja, ganzi vidoleni, au sehemu inayopata moto si ya kuvumilia. Ikifika siku ya 14 na uvungu bado unauma, umechukua kilima kisicho chako.

Mwenye kisukari asifuate mtindo huu wa kujipima na kuvumilia, kwa sababu ganzi humficha kidonda. Aanze na daktari, na kila asubuhi apapase ndani ya buti kwa mkono kabla ya kuvaa.

Utunzaji

Toa soli kila jioni. Ioshe kwa mkono na sabuni ya kawaida, ikauke kivulini. Jua kali, jiko au dashibodi ya gari hukunja kasha. Kwa wa Mufindi au Kericho, ambako gambuti halikauki usiku mmoja, kuwa na jozi mbili na uzipokezane.

Sponji ya kawaida huchoka kwa wiki hadi miezi michache, soli ngumu hufika miezi 6 hadi 12 ikivaliwa siku 6 kwa wiki. Kila mwezi rudia jaribio la dole gumba, na tazama kisiginoni: shimo lisilorudi baada ya kulala usiku kucha linamaanisha imekwisha. Badilisha ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, hata kama moja bado inaonekana nzima.