Kuwa nadhifu kila siku hapa Dodoma na hili vumbi letu

Mi ni dobi, nina kibanda changu hapa Makole, meza moja na pasi mbili, ya umeme na ile ya mkaa kwa ajili ya siku umeme umekatika. Nguo za watu ndo zimenilisha na kunisomeshea watoto, kwahiyo naziangalia kwa karibu kuliko hata wenyewe wanavyoziangalia. Kila wiki lazima mtu aniulize swali lilelile, utasikia dada anasema kaka mbona nguo zangu nikifua mara tatu tu zinapauka, mwingine anasema mbona fulani anavaa mtumba wa soko la Sabasaba na anapendeza kuliko mimi ninayenunua dukani. Nimeamua niandike yote niliyoyaona mezani kwangu maana kumweleza mteja mmojammoja huku pasi iko moto haiwezekani.

Kwanza tuuelewe mji wenyewe. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua tuna msimu mmoja tu, inaanza kama Desemba hivi na ikifika Aprili inakata, baada ya hapo ni ukavu mpaka Novemba, upepo unavuma, chamchela inazunguka barabarani inabeba mifuko na vumbi jekundu inakumwagia wewe umesimama unasubiri daladala. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 nimepata wateja wengi sana waliotoka Dar na nawaona wanahangaika kwasababu wamekuja na mazoea ya kule. Dar adui yako ni jasho, unaoga mara tatu unabadilisha shati basi. Huku adui ni vumbi na ukavu, jasho linakauka hata hujaliona ila ngozi inapauka, midomo inapasuka, kiatu kinakuwa chekundu kabla hujafika kituoni.

Sasa kuhusu vumbi nina kitu kimoja nataka kila mtu akishike. Kuna siku saa kumi na moja alfajiri ndo nafungua, nikamkuta kijana amekaa kwenye benchi langu na begi mapajani, katoka mkoani na basi, ana usaili UDOM, chuo kikuu chetu cha Dodoma, asubuhi ileile. Shikamoo mzee, marahaba, akatoa shati jeupe limejikunja kama karatasi iliyotoka mfukoni. Nikaanza kulinyoosha. Nikamwona ameinama anachukua kopo langu la maji achovye kitambaa afute viatu, viatu vyeusi vimejaa vumbi mpaka kwenye matundu ya kamba. Nikamwambia mwanangu acha, weka maji chini. Vumbi likiwa kavu linatoka lenyewe kwa brashi, ukilitia maji umetengeneza tope, linaingia kwenye mshono pale soli inapokutana na ngozi, likikauka linabaki mstari wa kahawia ambao hata Kiwi haiufichi. Nikampa brashi kavu akapiga pembeni kote, akatoa kamba akapiga ulimi wa kiatu, ndipo akapaka Kiwi kidogo sana, akaacha dakika kama tano inywe, akapiga brashi nyingine, akamalizia na kipande cha soksi ya zamani. Kwenye nguo ni hivyohivyo, suruali ikishika vumbi usiikung'ute kwa mkono wenye maji wala usiifute na leso mbichi, ivue, itundike, ipige brashi laini kutoka juu kwenda chini. Brashi ya nguo ni kitu cha hela ndogo na sioni watu wakiwa nayo, wanakimbilia kufua. Koti la suti ukilifua kila wiki utaliua, koti linatakiwa brashi na kutundikwa kwenye hanga lenye mabega, sio msumari, msumari unatoa kapembe mgongoni kama nundu.

Maji nayo. Maeneo mengi hapa maji yana chumvi, shuleni tulifundishwa yanaitwa maji magumu, yana kalsiamu na magnesiamu, zile zinakutana na sabuni ya mche zinatengeneza utando unaonata kwenye nyuzi, ndo maana povu halitoki na shati jeupe linageuka rangi ya majivu hata ukisugua mpaka vidole viume. Watu wanadhani dawa ni kuongeza sabuni, wanaongeza utando tu. Tumia sabuni ya unga kwa nguo nyeupe, yenyewe inavumilia maji ya hivi kuliko ya mche, na suuza mara tatu, suuzo la mwisho tia siki nyeupe kidogo kwenye beseni, harufu yake inaisha nguo ikikauka. Msimu wa mvua kinga maji ya bati, yale ni laini, weka ndoo mbili tatu kwa ajili ya nguo nyeupe, utashangaa povu linavyopanda.

Kola ndo mahali pa kwanza mtu anapoangaliwa na ndo mahali wengi wanapasahau. Ule mstari mweusi ni mafuta ya shingo yameshikana na vumbi, ukilowanisha shati zima hautoki. Kabla ya kuloweka, paka sabuni ya maji ya vyombo kwenye mstari shati likiwa kavu, acha robo saa, chukua mswaki wa zamani sugua taratibu kufuata mstari, halafu ndo ufue kawaida. Makwapani ukiona njano usikimbilie Jiki, ile njano inatokana na jasho kuchanganyika na aluminiamu iliyomo kwenye deodoranti nyingi za kuzuia jasho, na Jiki inaweza kuizidisha badala ya kuitoa, loweka pale na siki na maji nusu saa kabla ya kufua. Na deodoranti iache ikauke ndo uvae shati, watu wanapaka na kuvaa palepale.

Kuanika, anika asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, geuza nguo ndani nje, nyeusi na za rangi weka kivulini maana jua letu linakula rangi vibaya. Nguo ikikauka itoe kambani, usiiache mpaka jioni, utakuwa umefua kwa ajili ya kuja kupokea vumbi.

Pasi sasa, hapa naomba nikae kidogo maana ndo kazi yangu. Nguo ya pamba usiipige pasi ikiwa kavu kabisa, nyunyizia maji, ikunje, iache dakika kumi unyevu usambae, ndo uanze. Mimi kwenye shati naanza na kola upande wa ndani, kutoka kwenye ncha kwenda katikati, kwasababu ukitoka katikati kwenda nje unasukuma mikunjo yote inajikusanya kwenye ncha na pale ndo panaonekana. Halafu naenda mabegani, mwisho wa mikono pale penye kifungo, mikono yenyewe, mgongo, na mbele namalizia, maana mbele nikianza itajikunja tena wakati nageuza kwingine. Suruali nyeusi au ya bluu iliyoiva weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake ndo upitishe pasi, bila hivyo inatoa kale kamng'ao kwenye mapaja na makalio, na kale kakishatokea hakaondoki. Mstari wa mbele unapatikana kwa kulinganisha mishono miwili ya mguu, ule wa ndani na wa nje vilaliane sawasawa, mtu akikisia kwa macho anapata mistari miwili kama reli.

Na poliesta muiogope. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi umeme ulikatika nikachukua pasi ya mkaa, mteja kaleta shati linateleza zuri sana, sikujaribu pembeni nikaweka moja kwa moja kwenye kola, ikanata, ikatoka na umbo la ncha ya pasi. Nililipa lile shati kwa awamu mbili na mteja hakurudi, na iliniuma kwasababu alikuwa ananiamini. Tangu hapo kila nguo naijaribu kwa ndani kwenye pindo. Pasi ya mkaa pia ikung'ute majivu mbali na uifute chini kwenye kitambaa kibichi cha jinzi kabla haijagusa nguo ya mtu.

Kingine ni fundi. Mtumba unaweza kuwa mzuri sana ila umeshonwa kwa mtu mwingine, mabega yanaanguka, suruali inakusanyika juu ya kiatu kama pazia na pindo linafagia vumbi lote la Makole. Ukinunua angalia mabega kwanza, mshono wa bega ukae pale mfupa wako unapoishia, kwasababu kiuno fundi atapunguza, urefu atapunguza, ila bega ni kazi kubwa na mafundi wengi hawaipendi. Suruali iguse kiatu tu. Badilisha vifungo vilivyovunjika, kata nyuzi zinazoning'inia kwa mkasi usizivute. Hivyo vitu fundi wa mtaani anakufanyia wakati unasubiri, na nguo ya hela ndogo inaanza kuonekana ulishonewa wewe.

Ngozi, hapa sina mengi. Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ukitoka kuoga jifute kidogo tu halafu paka palepale, mafuta yanafungia yale maji ndani, ukisubiri ukauke kabisa unapaka juu ya ukavu na saa nne asubuhi umeshapauka. Msimu wa Juni na Julai baridi ikiingia losheni nyepesi haitoshi, tumia mafuta ya mgando au ya nazi, miguuni paka usiku uvae soksi ulale nazo, magaga yatapungua. Midomo usiilambe, mate yanakauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo. Viwiko, shingo kwa nyuma na nyuma ya masikio vioshwe na vipakwe, watu wanapaka uso tu. Ndugu zetu wenye ualbino kofia pana na mikono mirefu ni lazima kwa jua hili, na mafuta ya kukinga jua.

Ila nitasema moja kwa ukali kidogo, mkorogo acheni. Dada zangu na siku hizi kaka zangu pia. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na zebaki inaingia mwilini inaharibu figo. Na kwa macho tu, jua la Dodoma halina huruma na ngozi iliyochubuliwa, uso unakuwa mwekundu vidole vinabaki vyeusi, hakuna nguo utakayovaa ikaficha hilo. Ngozi yako ilivyo, ikiwa safi na imepakwa mafuta, inang'aa vizuri sana, mimi naiona kila siku kwa mama zetu wanaouza mboga pale Majengo.

Nywele, kwa wanaume mwambie kinyozi afute mashine na spiriti mbele yako kabla hajaanza, usione aibu ni kichwa chako. Anayepata vipele kidevuni asinyoe mpaka ngozi, nywele zetu zimejikunja, ikikatwa chini kabisa ncha inarudi kuingia kwenye ngozi ndo kipele hicho, acha kakimo kadogo na nyoa kufuata nywele inapolalia. Shabu ya kinyozi inasaidia kukaza baada ya kunyoa. Akina dada, msuko ukikaa sana hapa unashika vumbi kwenye mizizi unatoa weupe kama unga, vaeni kitambaa mkiwa kwenye bodaboda, na kabla ya helmeti ya boda weka kitambaa chako mwenyewe maana ile imevaliwa na kila mtu tangu asubuhi. Wa hijabu, ile inayogusa kidevu ndo inachafuka haraka, iwe na kazi ya kufuliwa kila siku kama soksi.

Pafyumu ni ya mwili uliooga. Harufu ya kwapa inatokana na bakteria wanaokula jasho, ukipulizia juu yake unapata harufu mbili. Na shati la poliesta linashika harufu hata likifuliwa, ukilipiga pasi inafufuka, mimi ndo naivuta ile hewa ya moto usoni kwahiyo naijua, hilo liloweke na siki usiku kucha.

Wale mnaokwenda Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, kila asubuhi, safari ni ndefu na magari yamejaa, wekeni kwenye mkoba kimfuko kidogo chenye brashi mbili, leso kavu, mafuta ya mdomo, sindano yenye uzi mweupe na mweusi na pini mbili. Ukishuka, kabla hujaingia getini, simama pembeni mgongo uupe upepo, anza na mabega, suruali, mwisho viatu. Brashi ya viatu iandike kwa kalamu ya wino au ifunge kamba nyekundu, maana ukiichanganya na ya nguo mara moja tu suruali yako ya krimu utaniletea mimi ikiwa na Kiwi, na Kiwi kwenye krimu sijawahi kuitoa ikaisha.