Soma umbo la molekyuli kabla ya kutundika mtego

Mtego wa wadudu usipokamata, wengi hukimbilia kuongeza chambo cha feromoni, yaani kemikali ya harufu ambayo mdudu huitoa kumvuta mwenzake. Mimi huanza na maandishi ya kwenye pakiti. Vipapasio vya mdudu ni vichaguzi mno: molekyuli ikikosea umbo kidogo tu, wingi wake hausaidii.

1. Fumbua jina. Chukua Z9-14:Ac, sehemu kuu ya feromoni ya nondo wa viwavijeshi vamizi. 14 ni idadi ya kaboni kwenye mnyororo. 9 ni mahali kifungo maradufu (kaboni mbili zilizoshikana mara mbili) kinapoanzia. Ac ni asetati, kundi la atomu lililo mwishoni. Ungeona OH, hiyo ni alkoholi, na kwa pua ya nondo hicho ni kitu kingine.

2. Tazama Z na E, herufi iliyo mbele ya namba. Hapa usiharakishe. Katika Z mnyororo hujikunja, katika E hunyooka. Nondo wa Ulaya anayetoboa mabua ya mahindi ana makundi mawili: jike wa kundi moja hutoa Z11-14:Ac na E11-14:Ac kwa takriban 97 kwa 3, wa kundi la pili karibu 1 kwa 99. Kemikali ni zilezile, lakini ukikosea uwiano utawavuta madume wa kundi usilolitaka.

3. Uliza kuhusu pacha wa kioo. Molekyuli nyingine zina pacha, kama mkono wa kulia na wa kushoto; mmoja huitwa R, mwingine S. Kwa mende wa Japani, pacha wa S akichanganyika hata kwa asilimia 1 ndani ya feromoni ya R, madume hupungua mtegoni. Chambo cha aina hii kinunue kwa usafi, si kwa gramu.

4. Linda umbo. Feromoni ya nondo wa tufaha ina vifungo maradufu viwili vinavyofuatana, na mwanga huvigeuza. Pakiti zikae kwenye friza, gizani.

5. Linganisha. Tundika mitego inayofanana: chambo A, chambo B, na mmoja mtupu. Kila ukihesabu, badilishana nafasi zake, maana upepo na kivuli navyo huvuta. Na glavu ni mpya kwa kila chambo! Niliwahi kushika methili-yujenoli, chambo cha nzi dume wa matunda, kisha nikashika mtego mtupu kwa glavu zilezile. Kesho yake ule mtupu ulikuwa na nzi dume wa matunda wakitambaa palepale vidole vyangu vilipogusa. Hesabu za siku ile nilizifuta zote, nikaanza upya.