Somo: Kumtenga mtu na mandhari kwenye video ili maandishi yakae nyuma yake

Kampuni za utalii za Arusha na Moshi zinaipenda sana hii: mpagazi anapita, Kibo iko nyuma, na neno KILIMANJARO limekaa kati ya mtu na mlima. Hapa tunatumia Roto Brush, brashi ya kukata mtu iliyo ndani ya After Effects, programu ya Adobe ya kuhariri video. Mwenye DaVinci Resolve Studio (toleo la kulipia la programu nyingine ya kuhariri) atumie Magic Mask, kazi ni ileile. Toleo la bure la Resolve halina kifaa hicho.

Brashi hii imefundishwa kutambua maumbo, lakini inaishi kwa ukingo. Koti jeusi mbele ya msitu mweusi halina ukingo, na hapo hata mashine ya bei mbaya itahangaika.

Hatua ya 1: Klipu. Video nyingi za simu zina kasi ya fremu inayopanda na kushuka. Ipitishe kwanza HandBrake (programu ya kubadili faili za video), chagua Constant Framerate, yaani kasi isiyobadilika, namba ileile uliyorekodia. Kisha kata kipande unachohitaji tu. Sekunde 8 kwa fremu 25 kila sekunde tayari ni fremu 200, zinatosha kukuchosha.

Hatua ya 2: Fremu ya msingi, yaani ile unayoanza kuchorea. Hapa ndipo kazi inapona au inapofia. Bofya leya mara mbili ifunguke kwenye dirisha la Layer, weka Resolution iwe Full na ubora wa Roto Brush uwe Best kabla hujagusa kitu, maana ukibadilisha katikati inapiga hesabu upya. Tafuta fremu ambayo mwili wote unaonekana, mikono imeachana na kiwiliwili, na hakuna ukungu wa mwendo. Si lazima iwe ya kwanza. Bonyeza Alt+W upate Roto Brush, chora mstari ndani ya mwili: kichwani, kifuani, hadi miguuni. Usizunguke ukingoni kama unakata karatasi. Kilichozidi kifute kwa kushikilia Alt. Usiondoke kwenye fremu hii mpaka iwe safi kabisa, uwazi wa kwapani ukiwemo.

Hatua ya 3: Songa mbele. Page Down, fremu moja moja. Marekebisho husambaa kutoka fremu ya msingi kwenda nje, kwa hiyo rekebisha fremu ya *kwanza* iliyoharibika, siyo iliyoharibika zaidi. Kosa likianza fremu ya 31 nawe ukarekebisha ya 40, zile tisa za kati zinabaki chafu. Ukimaliza mbele, rudi kwenye msingi, nenda nyuma kwa Page Up.

Fimbo za kupandia mlima usiziachie brashi. Itazimeza na kuzitema. Zichore kwa maski ya kalamu (umbo la kukatia unalochora mwenyewe kwa Pen Tool) kwenye leya nyingine: weka alama fremu ya kwanza, ya mwisho, ya katikati, halafu katikati ya hizo, mpaka itulie.

Hatua ya 4: Ukingo. Feather (kulainisha ukingo) kidogo, Reduce Chatter (kupunguza mtetemo wa ukingo) kidogo. Ukizidisha, vidole vinaungana. Ukiona uzi wa rangi ya anga kuzunguka mabega, washa Decontaminate Edge Colors, inayosafisha rangi hiyo. Refine Edge, brashi ya ukingo laini, iwe ya nywele na manyoya tu, kwa sababu ukiipaka kwenye koti inalifanya lichezecheze. Ukiridhika, bonyeza Freeze, inayogandisha ulichokata kisipigiwe hesabu upya, kisha hifadhi projekti.

Hatua ya 5: Leya. Video kamili chini, maandishi katikati, mtu aliyekatwa juu. Kamera ikiwa inatembea, fuatilia mgongo wa mlima kwa Mocha AE, kifaa cha kufuatilia mwendo kilichomo After Effects, uyafunge maandishi hapo. Mawingu usiyafuatilie, yana safari yake.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Majengo: Mkuu, nimepiga sherehe ukumbini, maski inatetemeka japo mtu amesimama tu. Shida nini?

Jibu: Angalia mandhari kama inapigapiga mwanga. Umeme wetu ni 50 Hz, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde kwa shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/60, mwanga unapishana fremu kwa fremu na ukingo unayumba. Safari ijayo fremu 25, shata 1/50 au 1/100. Hii ya sasa, ondoa mpepeso kwanza, toa faili jipya, ndipo ukate.

Dada wa Sakina: Umeme ukikatika katikati ya Freeze napoteza vyote?

Jibu: Unapoteza kile ambacho hakijahifadhiwa, dada. Freeze iliyokamilika huhifadhiwa ndani ya projekti, ila mpaka ubonyeze Ctrl+S. Gawanya klipu ndefu vipande, ugandishe kimoja kimoja.

Mdau, Kiboriloni: Nilishagandisha, sasa nikipaka brashi hakuna kinachobadilika.

Jibu: Ndiyo kazi ya Freeze. Bonyeza tena kitufe hichohicho uifungue, rekebisha, gandisha upya.

Mdau, Njiro: Nimemtoa mtu peke yake kwa H.264 (ule mbano wa kawaida wa video), nyuma pamekuwa peusi.

Jibu: H.264 haibebi uwazi. Toa faili la QuickTime lenye ProRes 4444, mbano unaobeba uwazi, na kwenye Channels chagua RGB + Alpha. Faili litakuwa zito, andaa nafasi kwenye diski.

Mdau, Majengo: Na Mmasai mwenye shuka nyekundu juu ya udongo mwekundu?

Jibu: Shuka ikipepea, igawe: kichwa na mabega Roto Brush yake, upindo wa chini maski ya kalamu. Kama bado hujarekodi, mwombe asogee mbele ya nyasi.