Jinsi ya kusoma kipimo cha wingi wa VVU: damu inavyoeleza yaliyomo kwenye shahawa

Karatasi ya majibu ya wingi wa virusi anayopewa mwanaume kliniki huzungumzia damu peke yake, ilhali swali linalomkosesha usingizi ni la shahawa: je, itamwambukiza mwenza? Kwa huduma za kawaida shahawa haipimwi, wala hakuna haja ya kudai ipimwe, kwa kuwa anayejua kuisoma karatasi ile hupata jibu humo humo.

Anza na tarehe kabla ya namba. Unayoitaka ni siku uliyotolewa damu, si siku uliyokabidhiwa majibu, kwa maana kipimo hakina habari ya dozi ulizoruka baadaye. Kisha tazama idadi ya nakala za virusi katika mililita moja. Kwa asiyetumia ARV (dawa za kufubaza VVU), shahawa kwa kawaida huifuata damu, ingawa kiwango chake aghalabu huwa chini. Ndiyo maana watafiti wa Rakai, Uganda, waliofuatilia jozi 415 za wenza, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana, na kuchapisha matokeo mwaka 2000, waliweza kukadiria hatari kwa kupima damu tu: nakala zilipoongezeka mara kumi, maambukizi yalizidi takriban mara mbili na nusu, na chini ya nakala 1,500 hayakuonekana kabisa.

Hata hivyo, shahawa ina njia zake. Majimaji yake mengi hutoka kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa, si kwenye korodani (aliyefunga uzazi asidhani amefunga na virusi), na njia hizo zikishikwa na maradhi kwa asiyetumia dawa, namba ya damu haitoshi tena. Ukiona doa la usaha kwenye nguo ya ndani, au mkojo ukiunguza, nenda ukatibiwe kwanza. Katika utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 1997, wanaume wenye VVU wasiotumia ARV, ambao mrija wa mkojo ulikuwa na maambukizi kama kisonono, walikutwa na virusi mara 8 zaidi kwenye shahawa kuliko wenzao, ilhali wingi wa virusi kwenye damu zao ulilingana. Wiki mbili baada ya matibabu, kiwango hicho kilishuka hadi karibu theluthi.

Kwa anayemeza ARV kila siku, mambo ni mepesi zaidi. Majibu yakisema virusi havikuonekana, na hujakatiza dawa tangu utolewe damu, humwambukizi mwenza wako kwa njia ya ngono. Ni kweli kwamba mabaki ya virusi huonekana mara moja moja kwenye shahawa ya mtu wa namna hiyo, na jambo hilo liliwatia wataalamu wasiwasi kwa miaka mingi. Lakini utafiti wa PARTNER huko Ulaya, uliochapishwa mwaka 2016, ulihesabu takriban vitendo 58,000 vya ngono bila kondomu miongoni mwa jozi 888 za wenza, baadhi yao wakiwa na magonjwa mengine ya ngono, na haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake aliyefubaza virusi. Kisonono, bila shaka, huambukizwa kama kawaida.

Ikiwa ndiyo kwanza umeanza dawa, tumia kondomu mpaka kipimo cha miezi sita kitoke, na mwenza aulize kuhusu dawa kinga (PrEP), inayomkinga asiye na VVU asiambukizwe. Namba ikirudi juu ya 1,000, mweleze mhudumu ukweli kuhusu dozi ulizokosa, kisha panga naye tarehe ya kurudia kipimo kabla hujatoka chumbani mwake.